Mistari ya Sumaku Chini ya Bahari, na Mahali Tulipogeuza Meli

Kabla hujamgusa samaki, vua saa. Vua mkanda, toa funguo, toa kisu mfukoni, na wewe binti, pitisha mkono kichwani utoe pini za nywele moja moja. Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa kazini, na ndilo ninaloanza nalo kwenu, vijana mnaokuja hapa Tengeru kuniuliza ilikuwaje mwanamke wa Kimeru, aliyekulia kwenye migomba na baridi ya mlima, akaishia kuburuta vyombo nyuma ya meli.

Samaki ninayemsema hana magamba. Ni chombo cha kupimia nguvu ya sumaku, kimefungwa ndani ya ganda refu lisiloingiza maji. Tulikiita samaki kwa sababu kazi yake ilikuwa majini, kikivutwa kwa kebo ndefu, mbali kabisa nyuma ya meli. Kilikaa mbali kwa sababu meli ni chuma kitupu, na chuma kikiwa karibu huwezi kuupima mwamba ulioko chini.

Siku niliyoripoti karakana, Mzee Salimu, fundi wetu wa vyombo, alinisimamisha mbele ya kipimo akaniambia nisogee. Sindano ikaruka. Nikavua saa, ikaruka tena. Nikavua viatu, bado. Akanizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, halafu akaanza kucheka.

"Rehema," akasema, "kichwani umebeba duka la vyuma."

Nilikuwa nimebana nywele kwa pini nyingi ili nionekane nadhifu siku ya kwanza ya kazi. Jina langu ni Elirehema. Wazazi wangu ni Walutheri na walinipa jina hilo kwa sala. Mzee Salimu alikata kipande cha mbele cha jina, akasema kilichobaki kinamtosha mtu wa dini yoyote. Tangu siku hiyo kazini kote nikawa Rehema.

Yeye alizaliwa Arusha mjini, mjukuu wa watu waliotoka Tanga. Ujana wake aliutumia kutengeneza redio kwenye kibaraza cha duka la baba yake, mpaka taasisi moja ya utafiti, ambayo sitaitaja, ikamchukua kuwa fundi wa vyombo. Mimi nilitoka chuo cha ufundi nikiwa najua umeme wa vitabuni. Yeye aliujua kwa vidole. Lakini msidhani alidharau vitabu. Alivisoma kuliko sisi sote, na asipoelewa ukurasa alimfuata Daktari Temba, mkuu wetu wa utafiti, akamwambia, "Hapa umenipoteza, anza upya." Daktari naye alianza upya. Walikuwa marafiki.

Jumamosi moja Mzee Salimu alikuja nyumbani kwetu na dira. Tukapanda mpaka kwenye korongo la mto, palipo na mawe makubwa meusi ambayo Mlima Meru uliyamwaga zamani. Akaniambia niitembeze dira taratibu karibu na jiwe moja. Sindano ikaacha kaskazini, ikaligeukia jiwe.

"Hili lilikuwa uji wa moto," akasema. "Ndani yake mlikuwa na chembe za madini ya chuma. Uji ulipokuwa unapoa, kila chembe ikaelekea inakovuta sumaku ya dunia siku zile. Ukaganda, nazo zikagandia humo humo. Sasa sikiliza. Sumaku ya dunia haikai hivi milele. Imewahi kupinduka mara nyingi, kaskazini ikawa kusini. Jiwe lililoganda wakati ule linaelekea kinyume mpaka leo."

Nikamuuliza hayo yanahusu nini bahari. Akavua kikoi alichojifunga shingoni kwa ajili ya baridi, akakitandaza juu ya majani. Mnakijua kikoi: kina mistari pembezoni upande huu, na mistari ile ile upande wa pili. Akakikunja katikati, mistari ikakutana, mwembamba kwa mwembamba, mnene kwa mnene.

"Chini ya bahari kuna ufa," akasema. "Uji wa moto unapanda kwenye ufa, unaganda, halafu unapasuka katikati na kusukumwa huku na huku, unapanda mwingine. Sumaku ikipinduka, mwamba unaoganda unaandika kinyume. Kwa hiyo pande mbili za ufa zina mistari inayofanana. Ukiipima, unajua bahari ilifunguka vipi, na nchi ipi ilikuwa jirani ya ipi."

Nchi tuliyokuwa tunaitafuta sisi ni Bukini, yaani Madagaska. Wataalamu wanasema zamani sana kisiwa kile kiliegemea pwani yetu ya Afrika Mashariki, kikaachana nasi, kikasogea kusini. Kati yake na sisi ufa ukafanya kazi yake, ukachoka, ukafa. Sehemu nyingi za bahari ile zilikwisha kupimwa na wengine. Kilibaki kipande kimoja ambacho vipimo vyake vilikuwa vichache, na humo mahali hasa ulipo ufa hapakujulikana vizuri. Daktari Temba alikitaka kipande hicho tangu akiwa mwanafunzi.

Kazi yenyewe, vijana, ni ya kuchosha kuliko mnavyofikiri. Meli inakwenda kusini mwendo wa polepole, inageuka, inarudi kaskazini kando kidogo ya ilipopita, inageuka tena, kama mtu anayelima kwa ng'ombe. Hakuna cha kuona. Maji tu, na mstari kwenye kioo cha kipimo unaopanda na kushuka. Nyinyi mna vyombo vinavyojiendesha na kompyuta inayosahihisha kila kitu. Samaki wetu wa kwanza alikuwa na chupa ndani, na ndani ya chupa tulijaza mafuta ya taa, kwa sababu chembe zilizomo kwenye mafuta hayo hutikiswa na sumaku na mtikisiko wake unahesabika. Mpishi wa meli alidhani Mzee Salimu ana jiko la siri. Kipimo kilichorwa kwa kalamu kwenye karatasi ndefu, na meli ikiyumba, wino ulikuchora wewe.

Na lazima muwe na chombo kingine nchi kavu. Hili wengi hulisahau. Sumaku ya dunia hupanda na kushuka kila siku kwa ajili ya jua, kwa hiyo chombo cha nchi kavu kinasimama mahali pamoja na kukuambia siku ilikuwaje, ndipo unapoondoa mabadiliko hayo kwenye vipimo vya baharini. Safari moja tuliporudi tukakuta kila mchana kuna mruko mkubwa kwenye vipimo vya nchi kavu. Daktari Temba akaanza kuandika habari za dhoruba ya jua. Mzee Salimu akasema, "Ngoja kwanza nikaangalie." Akaenda mpaka pale pwani tulipoweka chombo, akakaa kwenye majani mpaka mchana. Akaja dereva wa bodaboda, akaegesha pikipiki yake kwenye ukuta wa kibanda chetu palipokuwa na kivuli, akavua kofia na kulala. Basi ikaitwa Dhoruba ya Bodaboda, na Daktari alicheka mpaka machozi. Kwa hiyo kabla hujalisingizia jua, angalia uani.

Kebo nayo iogopeni. Kamwe usisimame ndani ya duara la kebo iliyolala sitahani, hata kama winchi, mashine inayoivuta, imezimwa. Hamadi, mkuu wa mabaharia, Mpemba mmoja mpole sana, alikuwa akimkuta mtu amesimama hapo hasemi neno. Anamshika mabega, anamtoa, anaendelea na kazi yake. Alinitoa mimi mara nyingi. Na ukimvuta samaki ukakuta ganda lina alama za meno, usishangae. Papa huonja kila kitu.

Sasa niwaambie safari ninayoulizwa kila mara.

Tulikuwa tumepata meli kwa shida. Meli za utafiti si zetu, zinakuja kwa zamu, na ukikosa zamu yako unaweza kungoja mpaka ukastaafu. Tulikuwa tumekwisha kupima nusu ya kaskazini ya kipande chetu. Mistari ilitoka vizuri, mmoja baada ya mwingine, kuanzia miamba mikongwe tukija kwenye ile iliyoganda baadaye. Daktari Temba alikuwa halali sawasawa. Alijua tunaukaribia ufa wenyewe, na baada ya hapo, kama alivyoamini, mistari ingeanza kujirudia kinyumenyume kuelekea kusini.

Mzee Salimu alilalamika asubuhi kwamba mkono wa kushoto unamuuma. Nikamwambia aende kwa daktari wa meli. Akasema ni winchi ya jana, nisimfanye mzee. Mchana ukapita. Aliswali alasiri, akarudi kukaa mbele ya kioo. Mimi nilikwenda nyuma ya meli kumsaidia Hamadi kulainisha winchi. Niliporudi nikamkuta ameweka shavu mezani, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Nilidhani amesinzia.

"Mzee, shikamoo ya pili leo," nikamtania.

Hakuitika. Nikamgusa bega. Mstari kwenye kioo ulikuwa unaendelea kupanda na kushuka, na mkono wake ulikuwa kando ya kioo kama alivyozoea kuufuata kwa kidole.

Daktari wa meli alihangaika naye muda mrefu, pale pale sakafuni, na sisi tukipokezana kumbonyeza kifua. Mwishoni alikaa chini akatutazama mmoja mmoja. "Ni moyo," akasema. "Amekwenda."

Kapteni akatuita chumbani kwake: Daktari Temba, Hamadi, na mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeijua familia ya marehemu. Kapteni alikuwa mgeni, mtu wa makamo, na alizungumza taratibu kwa heshima. Akasema njia ni tatu. Tumzike baharini. Au tumweke kwenye chumba cha baridi, tumalize kazi, turudi naye. Au tugeuze meli sasa hivi, na zamu yetu iwe imeishia hapo.

Daktari Temba alikuwa wa kwanza kusema. Msimhukumu. Macho yake yalikuwa mekundu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyempoteza ndugu.

"Chumba cha baridi kipo," akasema. "Tumalize mistari iliyobaki, ndipo turudi. Salimu mwenyewe angetaka hivyo. Kazi hii ilikuwa yake kama ilivyo yangu."

Hamadi alikuwa amesimama mlangoni, mikono imelowa. Alikuwa ametoka kumfunika mwenzake.

"Sheria yetu inaruhusu kumzika mtu baharini kama nchi kavu haifikiki kabla hajaharibika," akasema. "Lakini hapa inafikika. Na kile chumba, Daktari, ni cha kumrudishia, si cha kumsubirishia."

Kapteni akanitazama. "Mpigie mke wake," akasema. "Atakavyosema, ndivyo nitakavyofanya."

Simu ya setilaiti huchelewesha sauti. Unasema, unangoja, neno linakwenda na kurudi. Bi Zuhura alipopokea nilisikia watu wakipatana bei nyuma yake. Alikuwa sokoni Kwa Mrombo, mtaani kwao Arusha. Nikamwamkia, nikamwomba atafute mahali akae.

"Nimekaa," akasema. "Niko kwenye kiti cha muuza nyanya. Sema, Rehema."

Hakuna namna nzuri ya kusema, vijana. Nilisema tu. Sauti za soko zikaendelea, na mimi nikadhani hajanisikia. Halafu nikamsikia, polepole: "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Akayarudia. Kisha akauliza, "Ameoshwa?"

"Hamadi na wenzake wanajiandaa, mama."

"Mko wapi?"

"Mbali sana. Siku kadhaa kufika bandarini." Nikamtazama kapteni. "Kapteni anauliza, mama. Tumzike huku, au tumlete?"

Neno langu likaenda. Nikangoja. Daktari Temba alikuwa amesimama kando yangu, na simu ilikuwa imewekwa ili sote tusikie.

"Rehema mwanangu," akasema Bi Zuhura, "mkimzika majini, mimi nitakwenda kumzuru wapi?"

Akaendelea. "Kama njia ipo, nileteeni. Nataka kaburi nitakalolijua. Kama njia haipo, semeni tu, nitamwachia Mungu."

Daktari Temba alivua miwani. Alitazama ukutani ilipobandikwa ramani yetu, nusu imechorwa, nusu nyeupe. Hakumngoja kapteni.

"Mwambie njia ipo," akaniambia. Halafu akamgeukia kapteni. "Tugeuze. Hayo mawe yapo tangu Bukini ikiwa jirani yetu. Hayakimbii."

Tulimvuta samaki ndani, Hamadi kwenye winchi, mimi nikiikunja kebo. Nilipokwenda kuzima chombo nilimkuta Daktari Temba amekaa kwenye kiti cha Mzee Salimu, anautazama mstari ambao sasa ulikuwa umenyooka, kwa kuwa samaki alikwisha kuchomolewa kwenye kebo. "Zima, Rehema," akasema. Nikazima. Alikaa hapo hapo mpaka tulipoitwa kula, na hakula.

Tulimfikisha Arusha kwa gari kutoka bandarini, Hamadi akiwa kando ya jeneza njia nzima akisoma. Watu walijaa nyumbani kwake Kwa Mrombo mpaka barabarani: mafundi redio wa zamani wa mjini, Wameru wenzangu kutoka Tengeru, majirani kutoka mtaa wa Engutoto, wachungaji wawili na mashehe. Jamaa zangu wa kanisani walibeba jeneza kwa zamu pamoja na Waislamu, na hakuna aliyeuliza. Wanaume walipokwenda makaburini, mimi nilibaki na wanawake, nikakaa kwenye mkeka karibu na Bi Zuhura.

Kisha akaniambia, "Hebu nieleze. Miaka yote alikuwa ananiambia anapima sumaku ya bahari, mimi naitikia tu. Alikuwa anatafuta nini huko?"

Nikamweleza. Habari za ufa, na uji wa moto, na mistari inayofanana pande mbili. Nikamweleza kwamba Bukini ilikuwa hapa jirani ikaondoka, na kwamba mumewe alikuwa anasoma njia iliyopita. Alisikiliza kwa makini sana, akinikatiza pale ambapo hakuelewa, kama alivyokuwa akifanya mumewe.

"Na hiyo nusu ya pili mliipata?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

"Tuligeuza meli," nikasema.

Akanitazama. "Ili mniletee yeye."

"Ndiyo, mama."

"Na hamwendi tena?"

"Zamu yetu imekwisha. Hatujui."

Akavuta khanga yake mabegani, akatazama mlangoni walipopitia wale wanaume na jeneza. "Hakuna aliyeniambia," akasema.

"Ungeambiwa ungesema nini, mama?"

Alifikiri kweli. Hakutaka kunijibu jibu la kunifurahisha. "Ningesema vilevile," akasema. "Lakini ningeomba radhi."

Baadaye kulikuwa na mkutano wa wataalamu hapa hapa Arusha. Daktari Temba aliionyesha ramani yetu ukutani, kaskazini mistari mizuri, kusini peupe. Binti mmoja mwanafunzi kutoka Mombasa akasimama. Lilikuwa swali halali kabisa.

"Daktari, mistari inakatika pale inapoanza kuwa muhimu. Chombo kiliharibika?"

Angeweza kusema bahari ilichafuka. Wengi husema hivyo.

"Chombo kilikuwa kizima," akajibu. "Tulifiwa na mwenzetu, tukarudi kumzika. Alikuwa fundi wetu. Jina lake liko kwenye ramani, la kwanza, kabla ya langu."

Binti yule alibaki amesimama. "Poleni," akasema. Ukumbi mzima ukaitikia, "Poleni." Daktari Temba alishukuru, akaomba swali linalofuata, na sauti yake ilikuwa imara mpaka mwisho wa kikao. Nje nilimkuta ameegemea ukuta, analia bila kujificha.

Hakupata meli nyingine. Amestaafu, anaishi Moshi, na tukipigiana simu tunaulizana habari za magoti. Mimi nilifanya safari nyingine nyingi, lakini hakuna iliyonirudisha kwenye kipande kile. Hamadi ameshafariki, amezikwa kwao Pemba. Bi Zuhura yupo, na Ijumaa huenda kaburini.

Sasa nyinyi mnasoma fizikia na mnaniuliza kama bado kuna cha kupima. Kipo. Mkifika pale pimeni bila kutuonea huruma. Mistari ikijirudia, andikeni. Isipojirudia, andikeni hivyo hivyo, hata kama Daktari Temba bado yu hai na itamuuma. Yeye mwenyewe ndivyo anavyotaka, nilimuuliza.

Na kama mmoja wenu ataanguka kabla hamjafika mwisho wa mstari, msiite kikao. Geuzeni meli.